Miguu imevimba, shingo nyeusi, kucha zimebinuka: ni ngozi au ni moyo?

Naanza na ya dharura manake hiyo haisubiri mtu amalize kusoma. Mtu anatokwa jasho la baridi, ngozi imelowa kama kamwagiwa maji na wala hakuna joto, kifua kinabana au taya au mkono unauma: hospitali. Ulimi umekuwa wa zambarau na anahema juu juu: hospitali. Mguu mmoja umepoa ghafla kuliko mwenzake, unauma vibaya, umepauka, vidole havichezi au vina ganzi: hospitali, na sio kesho asubuhi, manake mguu uliokatikiwa damu una masaa kama 6 hivi kabla nyama haijaanza kufa. Bajaji, gari la jirani, chochote.

Haya, waliobaki tuongee taratibu.

Mimi nimefanya unesi upande wa wagonjwa wa nje miaka mingi, na kitu nilichokiona kila siku ni mtu kuja kuomba dawa ya kupaka wakati shida iko kifuani. Anakwambia nesi nipe krimu ya huu weusi, nipe dawa ya kuchua huu mguu, na ukiuliza unalala na mito mingapi anakushangaa, mito inahusiana nini na mguu. Inahusiana sana, tutafika.

Kwanza jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Picha nyingi za dalili za ngozi ukizitafuta mtandaoni ni za ngozi ya Mzungu, wanakuandikia "ngozi itakuwa nyekundu", "mdomo utakuwa wa bluu", sasa wewe mweusi unajiangalia mkononi huoni wekundu wala bluu unasema mi niko freshi. Kwetu wekundu unatokea kama zambarau, au kahawia iliyokolea, au sehemu imekuwa giza kuliko ya pembeni na basi. Na ule ubluu wa kukosa hewa unaonekana kijivu. Kwa hiyo angalia sehemu zisizo na rangi nyingi: ulimi, ndani ya mdomo wa chini, ndani ya kope ya chini, chini ya kucha, viganja, nyayo. Fanya hivyo mchana karibu na dirisha, taa za njano za ndani zinadanganya. Kina dada, hina, rangi na kucha za kubandika toeni hata kidole kimoja, manake hata kile kimashine cha kubana kidole cha kupima oksijeni kinachanganywa na hizo rangi, na isitoshe imeshaonekana kwamba kwa ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi, hivyo kikikwambia 94 na mtu anahangaika kuvuta pumzi, amini mtu. Afu tumia mkono. Joto, baridi, ugumu, kubonyea, hivyo havina rangi.

MIGUU IMEVIMBA

Hii ndo inaleta watu wengi kuliko zote. Dalili ya mwanzo kabisa ni soksi zinaacha alama ya mkanda, ndala zinabana jioni, pete ya mguu haizunguki. Kipimo chake ni dole gumba: bonyeza kwenye ugoko, pale mbele kwenye mfupa juu kidogo ya kifundo, kaza, hesabu taratibu mpaka kumi, achia. Kama kumebaki shimo hayo ni maji.

Kuna mama mmoja aliletwa na wanae, kajifunga kanga, miguu yote miwili imejaa mpaka mapajani, nyumbani walishakubaliana kwamba kakanyaga kitu alichotegewa mlangoni, wiki tatu wanamkanda na maji ya moto na majani. Nikabonyeza ugoko, nikageuka kuandika jina, umri, mtaa na namba ya simu ya mwanae, kurudi kuangalia shimo bado lipo, dole gumba langu limechorwa pale kama muhuri. Nikamuuliza mama unalala vipi? Akasema nakaa kwenye kochi mwanangu, nikilala chali nazama. Sikuhitaji kuuliza zaidi, na alipofanyiwa eko (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti) moyo ulikuwa umetanuka na unasukuma kwa shida.

Sasa ukikuta shimo miguu YOTE MIWILI, tenganisha hivi. Kama uvimbe unazidi jioni na kupungua asubuhi, unachoka kupanda ngazi ulizokuwa unapanda vizuri, unaongeza mito ndo ulale, unashtuka usiku unatafuta dirisha, kikohozi cha usiku hakiishi, mishipa ya shingo imesimama hata ukiwa umekaa wima, basi moyo ndo mtuhumiwa wa kwanza. Jipime uzito kila asubuhi ukishakojoa, ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu hujanenepa, hayo ni maji, nenda. Kama uvimbe unaanzia usoni, asubuhi macho yamefunga kama umeng'atwa na nyuki na mkojo una povu lisiloisha, uliza habari za figo. Kama tumbo limetangulia kujaa na macho ni ya njano, ini.

Na kuna chanzo kingine kinachosahaulika kweli, dawa yenyewe ya presha. Amlodipini, ambayo nusu ya mtaa wanaimeza, inavimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu na pumzi inakuwa haina shida yoyote. Wengine wakiona hivyo wanaongezewa dawa ya kukojoa, uvimbe haupungui sana manake sio maji yaliyozidi mwilini, ni vimishipa vimelegea vinavuja. Usiiache mwenyewe lakini, presha itakurukia, nenda umwambie daktari ilianza baada ya dawa gani, atapunguza dozi au atabadilisha.

Mjamzito miguu kuvimba kidogo ni kawaida, ila uso na mikono vikivimba pamoja na kichwa kuuma, kuona nyota nyota au maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, huyo apimwe presha na mkojo siku hiyo hiyo. Na hapa naomba mama mkwe, mawifi na wote mnaokaa na mzazi mnisikie: mwanamke aliyejifungua akaanza kuvimba miguu na kukosa pumzi akilala, msiseme ni uzazi, msiseme uji wa pilipili manga utamaliza. Kuna ugonjwa wa misuli ya moyo unaokuja mwezi wa mwisho wa mimba mpaka miezi kama mitano baada ya kujifungua, na ukiwahiwa mioyo mingi inarudi vizuri. Huwa unachelewa kwa sababu kila mtu anajua mzazi anachoka.

MGUU MMOJA tu umevimba, hiyo ni kesi nyingine. Umevimba ndani ya siku moja mbili, una joto, kigimbi kinauma ukigusa, ngozi imekaza inang'aa, na hivi karibuni ulifanyiwa opareshen, au umejifungua, au ulilala kitandani muda mrefu, au ulikaa kwenye basi kutwa nzima bila kushuka, au unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni: hilo linaweza kuwa bonge la damu ndani ya veni, mshipa unaorudisha damu kwenye moyo. USIUCHUE. Narudia, usiuchue, sio mafuta ya karafuu sio ya nazi sio ya mbuni, manake ukilisukuma lile bonge likachomoka linasafiri mpaka kwenye mapafu na mtu anaanguka mbele yako. Ni altrasaundi ya mguu na dawa za kuzuia damu kuganda.

Kwa watu wa pwani huku tuna matende pia, lakini matende yanakuja kwa miaka, sio kwa siku mbili, na yakishakomaa ngozi inakuwa nene kama ya tembo na ukibonyeza hapabonyei.

KUCHA NA NCHA ZA VIDOLE

Chukua kucha za vidole viwili vinavyofanana, vya shahada kwa mfano, ziweke mgongo kwa mgongo, zigusane kuanzia kwenye kiungo cha mwisho. Angalia kwenye mwanga. Kawaida pale chini ya kucha kunabaki kijidirisha kama kashata ndogo, mwanga unapita. Kama dirisha limeziba, na ncha za vidole zimevimba kama virungu, kucha zimebinuka kama kijiko kilichogeuzwa, kuna tatizo la ndani la muda mrefu. Kipimo hiki kinaitwa kwa jina la Leo Schamroth, bingwa wa moyo wa Afrika Kusini, aliyekieleza mwaka 1976 baada ya kuugua mwenyewe maambukizi ya vali za moyo (vimilango vya ndani vya moyo) na kuona vidole vyake vinavyobadilika. Mimi hiyo stori naipenda kuliko mashine zote, mgonjwa anajiangalia vidole.

Ila vidole vya kirungu sio moyo peke yake. Mapafu yanahusika sana, saratani ya mapafu, usaha wa muda mrefu kifuani, mapafu yaliyoharibiwa na TB. Upande wa moyo ni watoto na vijana waliozaliwa na tundu au mishipa iliyokaa vibaya na damu chafu inachanganyika na safi, au hayo maambukizi ya vali. Na wapo ambao ni ukoo tu, baba na babu wote vidole hivyo na wazima wa afya. Kinachotisha ni vidole vilivyobadilika, sio ulivyozaliwa navyo.

Halafu kuna vimistari vyembamba vyeusi au vya kahawia iliyoiva chini ya kucha, vimesimama kwa urefu kama vijiti vya mswaki vilivyochoma. Fundi seremala, mama lishe, mkulima, hivyo mara nyingi ni kujigonga, tena vikiwa karibu na ncha usihangaike sana. Wala usichanganye na ule mstari mpana wa rangi unaotoka mwanzo wa kucha mpaka mwisho, huo kwa watu weusi ni wa kawaida mno (ukiwa kidole kimoja tu na unazidi kupanuka onesha daktari wa ngozi, ila hiyo sio ya moyo). Vinanipa wasiwasi vikitokea vidole kadhaa pamoja na HOMA. Homa ya wiki mbili tatu, amepima malaria hamna lakini amemeza mseto mara mbili, kapima taifodi wamempa sindano, inapoa siku tatu inarudi, anakonda, anatoka jasho usiku. Hapo angalia na viganja na nyayo: madoa ambayo hayaumi, au vijinundu vidogo kwenye ncha za vidole ambavyo vinauma sana ukigusa. Geuza kope ya chini uone kama kuna vidoti vya damu. Huyo anaweza kuwa na vijidudu vimekaa kwenye vali, vinamegeka vipande vipande na kurushwa mwilini, na kipande kikienda kichwani ni kiharusi. Muombe daktari asikilize moyo, achukue damu ya kuotesha KABLA ya antibaotiki nyingine, manake ukishamwagia dawa nusu nusu vijidudu havioti na hakuna atakayejua ni nini.

WATOTO

Mtoto anacheza na wenzake, anakimbia kidogo, anachuchumaa. Anapumzika, anasimama, anakimbia, anachuchumaa tena. Watu wanacheka wanasema huyu mvivu. Muite, mwambie atoe ulimi. Kama ni zambarau au kijivu, yule anachuchumaa kwa sababu mwili umejifunza wenyewe kwamba ukikunja miguu damu zaidi inaenda kwenye mapafu, ni alama kubwa ya moyo uliozaliwa na kasoro. Mtoto mwenye vidole vya bluu ila ulimi wa pinki safi na ametoka kuoga maji ya baridi huyo mpe sweta tu.

Wa umri wa shule, 5 mpaka 15 hivi, sikiliza koo. Koo liliuma, likapona, wiki mbili mpaka nne baadaye viungo vinaanza kuuma kwa zamu, goti leo, keshokutwa kifundo, kiwiko. Hiyo ni homa ya rumatiki, mwili uliokuwa unapigana na vijidudu vya koo umegeukia vali za moyo. Kwenye ngozi kuna duara zenye ukingo zinazotokea tumboni na mapajani bila kuwasha, ambazo kwa ngozi yetu kuziona ni bahati, na vinundu vigumu kama punje ya choroko kwenye viwiko na magoti, haviumi, ngozi inateleza juu yake. Usisubiri uvione vyote. Koo la mtoto litibiwe na dozi iishe, na akishagundulika ana rumatiki ile sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne isirukwe hata kama anaonekana mzima, nimeona wasichana wazuri wanafikia kubeba mimba ndo wanajua vali imekufa kwa sababu sindano ziliachwa darasa la sita.

Kuna moja ni nadra huku lakini inapotea kwenye "surua": mtoto mdogo, wengi chini ya miaka 5, homa siku 5 na zaidi, macho yote mekundu bila tongotongo, midomo imepasuka, ulimi una vipele kama stroberi, viganja vimevimba na baadaye ncha za vidole zinabambuka. Daktari Tomisaku Kawasaki wa Japani aliuandika 1967, na kinachoogopwa ni mishipa inayolisha moyo kuvimba kama puto.

SHINGO NYEUSI ISIYOTAKATA

Hapa nina hasira kidogo. Msichana ana shingo nyeusi nyuma, makwapa meusi, ngozi imekuwa nene ina mikunjo kama mahameli, na tangu sekondari anaambiwa hasugui vizuri. Anasugua na dodoki mpaka anajichubua, anapaka limao, mwisho anaingia kwenye mkorogo. Ule sio uchafu. Mara nyingi ni insulini (homoni ya kushusha sukari) imezidi kwenye damu kwa sababu mwili umeacha kuisikiliza, na safari ya hiyo njia ni kisukari, presha, mafuta kwenye damu, halafu moyo. Yeye apime sukari, presha, kiuno na lehemu (kolesteroli). Ikija ghafla kwa mtu mzima anayekonda hiyo ni tofauti, achunguzwe saratani ya tumbo haraka. Na mkorogo wenyewe ndo unaongeza moto, zile krimu zenye steroidi kali zikipakwa mwili mzima miezi na miezi zinapenya, zinapandisha presha na sukari, na zenye zebaki zinaua figo. Umeficha taa ya dashibodi na ukaongeza joto kwenye injini. Ukishaanza kupunguza mwili kwa kupangilia chakula na kutembea, kilo zikishuka, weusi unafifia wenyewe pole pole.

VINUNDU VYA NJANO

Kwenye kope upande wa pua, bapa, laini, kama mtu kakudondoshea siagi. Ni mafuta. Karibu nusu ya wenye navyo lehemu yao iko sawa kabisa, kwa hiyo usilie, pima tu. Vinavyonitisha mimi ni vile vigumu juu ya kano, nyuma ya kisigino au mgongo wa kiganja juu ya vifundo vya vidole, hivyo vinasema lehemu iko juu tangu umezaliwa na ni ya kurithi, kila mtoto wako ana nusu kwa nusu ya kuibeba, na ukiuliza kwenye ukoo utakuta kuna mjomba aliyefariki ghafla na miaka 40. Wote wapime. Na vile vidogo vingi vya njano vinavyolipuka makalioni na viwikoni ndani ya wiki chache, wanavitibu kama chunusi, hivyo ni trigliseridi (aina nyingine ya mafuta kwenye damu) zimepaa, mara nyingi kisukari kiko nyuma, na kongosho iko hatarini.

UGOKO UNANG'AA, KIDONDA HAKIPONI

Mzee anavuta sigara au ana sukari. Akitembea mpaka sokoni kigimbi kinabana, akisimama dakika mbili kinaachia, anaendelea, kinabana tena pale pale. Pandisha suruali: ngozi nyembamba inang'aa, vinyweleo vimeisha, kucha zimekuwa nene, mguu wa baridi, kidonda kipo kwenye ncha ya kidole au kisigino, kikavu, na usiku kinauma mpaka ananing'iniza mguu nje ya kitanda. Hiyo ni ateri, mshipa unaopeleka damu mguuni kutoka kwenye moyo, imeziba, damu haishuki. Mwenye sukari anaweza asisikie maumivu hata kidogo kwa sababu neva zimekufa, kwa hiyo kutokuuma sio habari njema.

Kidonda cha veni kinakaa pale ndani juu ya kifundo, kinatoa maji maji, ngozi inayozunguka imekuwa kahawia ngumu, mguu umevimba, na ukiuinua unapata nafuu. Vyote mtaani vinaitwa donda ndugu na vyote vinafungwa bandeji ya kubana, na hapo ndo watu wanapoteza miguu, manake cha veni bandeji inakiponya na cha ateri bandeji inakimalizia. Kabla hujakubali kubanwa uliza umepimwa presha ya kifundo ikalinganishwa na ya mkono? Wanagawa ya kifundo kwa ya mkono, jibu likiwa chini ya 0.9 ateri ina kizuizi. Kama hakuna kifaa angalau washike mapigo juu ya unyayo, miguu yote miwili, na wakuoneshe wameyapata wapi.

Ule mstari wa kukatisha ndewe ya sikio kwa mshazari nao wananiuliza kila siku. Mmarekani Sanders Frank aliuandika 1973 kwa wagonjwa wake wa moyo, na kweli uhusiano upo, ila umri nao unaleta huo mstari na hereni nzito zinaleta, mimi nikiuona napima presha naendelea na shughuli.

UKIENDA HOSPITALI

Anza na ya karibu: presha, sukari, mkojo, wingi wa damu, figo, ECG (kipimo cha umeme wa moyo). Eko ndo itakayoonesha vali na nguvu ya moyo, na kama ni ya kupewa rufaa, kwa Dar kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Kampala kuna Uganda Heart Institute pale Mulago. Beba maboksi ya dawa zote, za mganga na krimu pia, usione aibu, sisi tumeona makubwa. Mwambie daktari ilianza lini na imekuwa ikibadilika vipi, sio "muda mrefu".

Na piga picha, manake madoa yanakuja na kuondoka na siku ya kliniki yanakuwa yamejificha. Mchana, karibu na dirisha, weka na upande mzima wa kulinganishia, ukibonyeza ugoko piga shimo likiwa bado lipo. Afu zima ile biuti ya kamera kwanza. Dada mmoja alinionesha picha kumi za uso wa mama yake alivyokuwa amevimba, simu ilishamlainisha yote, mama anang'aa kama bibi harusi.